Mimi na Ouma tuligombana juu ya volume, si juu ya kura

Wakuu, niaje. Poleni na mihangaiko.

Mimi huwa msomaji wa kimya hapa. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, napita. Lakini jana kuna kijana ameandika ati mziki ya video game ni kelele tu ya background, ati yeye huzima sauti anaweka yake na hajawahi kosa kitu.

Nikaweka kikombe chini.

Kijana, sikulaumu, ni umri. Kaa hapo nikuambie kitu ilinipata Kawangware, ile miezi ya kura, 2007 ikiingia 2008. Sitatia chumvi, kwa sababu mamangu amekaa hapa nyuma yangu anakunja nguo, na mimi huandika nikisoma kwa sauti. Nikidanganya atasema.

Na wewe ambaye tayari umeanza kuandika "hekaya," toka hapo nje kwanza upunge upepo.

Wacha nianze na msimamo wangu, ndio mnitukane mapema tumalize.

Mziki ya game ilikuwa tamu zaidi wakati mashine zilikuwa duni. Zile TV game za kaseti zilikuwa na sauti tatu au nne pekee za kupiga kwa wakati mmoja. Mtunzi akitaka ngoma ilie, lazima anyamazishe kitu ingine. Huyo mtu hakuwa na nafasi ya mchezo, kila noti ilikuwa inafanya kazi. Leo game inakuja na watu mia wa violin, zinalia mpaka unadhani kuna matanga, halafu ukizima mashine huwezi kuimba hata mstari mmoja. Nani anabisha? Imba basi. Nangoja.

Zile nyimbo za menu kwa game za mpira, hiyo si mziki ya game. Hiyo ni redio ya kinyozi.

Stage ya maji ndio huwa na wimbo mtamu kuliko zote, na ndio stage ya kipuzi kuliko zote. Sijawahi kuelewa, lakini ni kweli.

Na game bora duniani ni ile ya ndege ya vita, yenye iko kwa kaseti ya njano. Jina siwezi kuwapa. Sticker ilitoka zamani, ilibaki tu maandishi ati ndani kuna games mia tisa tisini na tisa. Zilikuwa tisa, na ukiwasha inaanza hiyo ya ndege yenyewe.

(Mama anauliza kama nitafika kwa hadithi leo ama kesho.)

Sawa.

Tulikuwa tunakaa Kongo, hapo Kawangware, mimi na mama, chumba moja imegawanywa na pazia. Sisi ni watu wa Machakos. Mama alikuwa anauza ndengu na maharagwe, na Jumapili anafunza watoto kanisani. Nyuma ya plot yetu kulikuwa na base ya game, kibanda cha mabati, TV mbili, mashine mbili. Mwenyewe alikuwa anaitwa Ouma.

Ouma alikuwa Mjaluo, mtu wa huko ziwani, mrefu, mpole, bahili. Alikuwa analala Soweto East, Kibera, lakini base alifungua huku kwetu kwa sababu alisema Kibera kila mlango wa tatu ni base. Mimi nilikuwa fundi wake. Pad ya kuchezea ikikatika waya naunga, kaseti ikikataa napuliza. Nilikuwa na ufunguo wa pili wa base. Tulikuwa marafiki kabisa, ile ya kula sahani moja na kumalizia mwenzako chai.

Shida yetu ilikuwa moja tu, na ilikuwa na miaka sita.

Ouma alikuwa anazima sauti ya game.

Wakuu, mliokulia mtaani mnajua. Hiyo ndio desturi ya base zote Nairobi. TV iko mute, halafu kwa kona kuna spika inapiga reggae ama rhumba. Watoto wanakufa kimya kimya kama samaki. Niliomba. Nikamwambia Ouma, huyu jamaa aliyetunga hizi nyimbo alikosa usingizi, na wewe unamfunga mdomo. Akasema, "Kioko, hapa ni biashara, si kanisa."

Novemba, Ouma akaenda lunch. Nikatoa mute. Nikapandisha volume ya ile TV ndogo mpaka mwisho, nikaweka kaseti ya njano. Niliketi hapo machozi yananilengalenga, aki ya nani.

Ouma akarudi na mfuko wa chipo. Akatembea moja kwa moja mpaka kwa ukuta, akang'oa plagi. Hakupunguza. Aling'oa. Nikiwa stage ya sita.

Nilimwambia maneno siwezi kuandika hapa, mama yuko. Yeye akaniita mtoto. Nikatoa ufunguo kwa mfuko nikamrushia, ukampita ukaanguka kwa mtaro. Nikaondoka. Hatukuongea tena.

Baada ya siku mbili nilirudi nikauokota ule ufunguo kwa mtaro, nikauosha na Omo. Sikujiuliza kwa nini.

Sasa kura ikafika. Ouma alikuwa amejiandikisha huko Kibera, akafunga base akaenda kwao kupiga kura. Matokeo yakatangazwa, na mnajua yaliyofuata, sina haja ya kuyachora. Majirani wakagawanyika kwa kabila. Moshi huku, moshi kule. Barabara zikafungwa. Mtu wa Soweto East hawezi kufika Kongo, na wa Kongo hawezi kufika Soweto East. Maduka yakafungwa. Credo za simu zikaisha kabisa mtaani.

Siku ya tatu ya hiyo kufungiwa, simu yangu ikalia. SMS. Ile ya bure ya "tafadhali nipigie." Imetoka kwa Ouma.

Sasa nampigia na nini? Sina hata shilingi ya credo. Nikamtumia na mimi "tafadhali nipigie."

Akanitumia tena "tafadhali nipigie."

Nikamtumia tena.

Mama akauliza, "Anasema nini?"

"Anataka nimpigie."

"Na wewe unasema nini?"

"Nataka anipigie."

"Nyinyi mnafaana," mama akasema.

Tulitumiana hizo kitu mpaka za bure za siku zikaisha. Lakini niwaambie ukweli, wakuu, hizo ndizo maneno yetu ya kwanza tangu Novemba, na nilifurahi. Nilijua ako hai. Na nilijua anachouliza bila kukiandika: base yangu iko aje? Hizo TV mbili na mashine mbili ndizo zilikuwa shamba lake, ng'ombe wake na karo ya binti yake. Hakuwa na kitu ingine.

Jioni hiyo nikatoka kuchota maji. Kwa foleni ya mfereji jirani mmoja, fundi wa viatu, akanipiga bega. "Kioko, wewe uliona mbali. Ulitoka kwa huyo mtu Novemba kabla hata sisi tujue."

Nikamwambia, "Niliona nini?"

"Hao watu. Ulijitoa mapema."

"Mzee, tuligombana juu ya volume."

Akacheka, akanikonyeza. Watu kwa foleni wakatingisha vichwa, ati huyu kijana ni mjanja, hataki kusema. Wakuu, sijawahi kukasirika hivyo. Miaka sita ya ugomvi, nimeujenga mwenyewe kwa mikono yangu, ugomvi wa heshima, wa sanaa, halafu watu wanaubeba wanaupeleka kwa siasa zao!

Halafu Tosti akaongea.

Tosti alikuwa kijana wa mtaa, rika langu, mkubwa wa wale walikuwa wanajiita ulinzi. Alikuwa customer wa Ouma tangu tukiwa watoto, na kwa ile game ya ndege hajawahi kuvuka stage ya pili. Tosti akasema, "Kesho mchana tunafungua hiyo base. Mwenyewe harudi. Kioko, wewe utatuonyesha penye mashine zimefichwa, si mlikosana?"

Nikasema, "Mm." Hiyo tu. Ndoo ikanishinda kubeba, nikamwaga nusu njiani.

Nilimwambia mama. Mama alikuwa na maneno mengi juu ya hiyo base. Aliita hiyo mziki "nzige kwa mkebe." Alikuwa ameisikia miaka yote, kwa sababu nilikuwa nimerekodi kaseti nzima ya redio nikiweka kinasa mbele ya TV, na nyumbani ilikuwa inacheza asubuhi na jioni. Nilingoja aseme tujifungie tunyamaze.

Akasema, "Leta beseni kubwa."

Kesho yake hatukungoja mchana. Saa tatu asubuhi wale vijana wote walikuwa wameenda barabarani kuangalia moshi. Nikafungua base na ule ufunguo. TV ya kwanza ikaingia kwa beseni, juu yake shuka zimelowa, mimi nashika huku mama anashika kule, kama watu wanaenda kuanika. TV ya pili hivyo hivyo. Mashine mama alizifunga tumboni na leso. Mwanamke wa miaka hamsini na nne akatembea mbele ya plot nzima akiwa na mimba ya pembe nne.

(Mama anasema hamsini na mbili. Samahani, hamsini na mbili.)

TV moja ikaenda nyuma ya magunia ya ndengu. Ile ndogo, yenye mgongo mrefu, ikaingia chini ya kitanda changu, shuka ikashuka mpaka chini. Kazi imeisha. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Lakini wakuu, nilikuwa na TV, nilikuwa na kaseti ya njano, na Ouma hayuko wa kung'oa plagi.

Nikaunganisha hapo hapo chini ya kitanda. Nikalala kwa tumbo, kichwa ndani, miguu nje. Nilitaka tu kusikia kidogo, nitulize roho. Nikapandisha volume kidogo. Nikapandisha tena, mpaka mwisho. Na kabla wimbo haujaanza vizuri, stima ikapotea. Mtaa mzima.

Sasa hapa ndio kuna kosa langu, na kila mtu amekaa nyumba za mabati analijua. Stima ikipotea, unazima kila kitu kwa swichi, unaacha bulb moja peke yake. Bulb ndio itakuambia imerudi. Hiyo mama alinifunza kabla anifunze kuomba. Mimi nilitoka chini ya kitanda nikilaani, nikaenda kukaa mlangoni. Sikuzima kitu.

Saa saba hivi tukasikia mabati ya base yakigongwa. Halafu kimya. Halafu miguu inakuja.

Walikuwa wanne, Tosti mbele na rungu. Wakasukuma mlango wakaingia. Mama alikuwa ameketi na ungo, anachagua ndengu. Hakuinua kichwa.

"Stivini," akasema. Hilo ndilo jina la ubatizo la Tosti. Mama alimfunza Sunday school miaka mitano. "Siku hizi watu hawabishi hodi?"

"Hodi, mama."

"Umeingia ndio unabisha?"

Nawaapia, Tosti alitoka nje, akabisha, akaingia tena.

"Mama, hatuna shida na wewe," akasema. "Tunatafuta vitu za yule jamaa. Base iko tupu. Tumepata ndala moja na poster."

"Mimi nachagua ndengu, Stivini."

Akanigeukia. "Kioko. Wewe si mlikosana na huyo mtu?"

Wakuu, mlango ulikuwa wazi wa kutokea. Niseme ndio, tulikosana kitambo, si mtu wangu, mimi sijui vitu zake. Wangeondoka. Na ingekuwa nusu ya ukweli. Niliogopa sana, siwadanganyi.

"Tulikosana," nikasema.

"Basi."

"Juu ya volume."

"Ati?"

"Volume, Tosti. Ya TV. Alikuwa anazima sauti ya game. Hatujawahi kukosana juu ya kitu ingine, na usiniongezee."

Tosti akafungua mdomo kuuliza kitu.

Stima ikarudi.

Mnajua ile kelele ya watoto mtaani stima ikirudi, "Imeruuuudi!" Ikatoka plot zote kutoka huku mpaka Riruta. Bulb ikawaka. Na chini ya kitanda changu kitu kikafanya "khhhh," halafu ule wimbo wa mwanzo wa game ya ndege ukatoka, volume ya mwisho, shuka inapepea.

Tosti akarudi nyuma hatua moja.

Sasa kumbukeni, hawa vijana wamecheza hiyo game utoto wao wote. Lakini kwa Ouma, mute! Hakuna hata mmoja alikuwa amewahi kusikia huo wimbo. Walikuwa wanatazama huku na huku, dari, ukuta, wanatafuta inatoka wapi.

Mama akaweka ungo chini polepole. Akafunga macho. Akainua mikono. Na akaanza kuimba juu ya huo wimbo, kwa sauti ile ile ya game, bila kukosa hata noti moja:

"Tumshukuruuu, tumshukuru, aliyetupa ndengu, tumshukuru..."

Huyo ndiye mwenye alikuwa anaita nzige kwa mkebe. Miaka yote hiyo, kumbe wimbo ulikuwa umemwingia wote.

Akafungua jicho moja. "Mnaingia kwa maombi na kofia?"

Kofia zikatoka.

"Mama, hiyo kinanda iko wap..."

"Ni redio ya kanisa, Stivini. Imba."

Na Tosti akaimba. Angefanya nini? Hao wengine wakafuata. Vijana wanne wameshika rungu, wanamshukuru Mungu kwa ndengu, kwa mdundo wa ndege ya vita. Na mimi hata na hiyo hofu yote sikio langu lilikuwa linaniambia, huyu wa nyuma ana besi safi, huu wimbo ulikuwa unangoja kwaya siku zote.

Lakini jasho lilikuwa linanitoka kwa sababu nilijua kitu hawajui.

Hiyo game, usipobonyeza Start, wimbo wa mwanzo unazunguka mara mbili. Halafu inaanza kujicheza yenyewe, ya maonyesho. Raundi ya kwanza ilikuwa imeisha. Ya pili ilikuwa imefika katikati. Nilikuwa namkonyeza mama, nakohoa, nafanya mkono hivi. Mama macho amefunga, amefika kwa maharagwe.

Wimbo ukaisha. Kukawa na kimya kidogo.

Halafu TUTUTUTUTUTU! BUUM! TUTUTUTU!

Wiki hiyo, wakuu, hizo sauti hazikuwa za mchezo kwa mtu yeyote Nairobi. Tulilala chini wote, hata mimi mwenye kujua. Mtu akapiga nduru, "Karao! Polisi!" Mlango ulikuwa mdogo na walikuwa wanne, wakatoka wote mara moja, wakatoka na komeo. Nilisikia miguu mpaka ikapotelea upande wa mto.

Tosti aliacha kiatu.

Mama alimaliza beti yake. Akachukua ungo. "Zima takataka yako," akasema. Halafu akaanza kulia, na mimi nikalia, tukalia hapo tukicheka mpaka tukachoka.

Kesho yake Tosti akarudi peke yake kuchukua kiatu. Alibisha hodi. Mama akamweka chini, akampa sahani ya isio, ile githeri yetu ya mahindi na maharagwe. Akala bila kutuangalia. Alipomaliza akauliza polepole, "Mama, hiyo ilikuwa game?"

"Uliza huyu," mama akasema.

Nikasema, "Ni ile ya ndege."

Tosti akageuka akatazama kitanda.

"Hiyo game iko na mziki?"

Akauliza kama mtu ameambiwa ana ndugu hajawahi kumjua. Nikamwonyesha. Akaingiza kichwa chini ya kitanda akacheza, na wakuu, siku hiyo Tosti alifika stage ya tano. Alitoka huko uso umevimba kwa kusujudu huko chini. Akasema base hawataiguza tena, na kuhusu vitu za Ouma hakuuliza. Mimi simwiti malaika, alikuja na rungu kwa nyumba ya mamangu. Nasema tu yaliyotokea.

Mambo yalipotulia, ile wakubwa wa siasa wameshapeana mikono na barabara zimefunguka, nikakodi mkokoteni. Mwenye mkokoteni alikuwa Tosti. Tulipakia TV mbili na mashine, tukafunika na gunia, tukasukuma kutoka Kongo tukapitia Riruta, tukaenda mpaka Ngong Road, tukateremka Kibera. Kuna mahali sokoni palikuwa majivu matupu.

Sisi Wakamba wakati huo tulikuwa tunaangaliwa kwa jicho la shaka pande zote mbili, maana kura yetu ilienda kwa mtu wa tatu. Soweto East watu walisimama mlangoni kutuangalia. Tosti akapunguza mwendo, mwishowe akasimama kabisa karibu na kibanda cha mkaa, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Nikasukuma peke yangu.

Ouma akatoka. Alikuwa amekonda. Tukaangaliana. Hatukuwa tumeongea tangu Novemba, ukitoa zile "nipigie."

Akafunua gunia, akashika TV moja, akashika nyingine, akahesabu mashine na kidole. Akabeba ile ndogo mpaka ndani, akachomeka, akaweka kaseti ya njano.

Wimbo ukapasua nyumba. Binti yake akaziba masikio.

"Nani aliweka volume hivi?" Ouma akauliza.

"Mimi."

Nikangoja ang'oe plagi. Badala yake akaanza kuimba. Polepole, na mdomo umefungwa, halafu kwa sauti. Wimbo wote, wakuu. Akaimba na ile besi ya chini yenye hakuna mtu huisikia mpaka asikize miaka. Akaimba mpaka wimbo wa boss, yule adui mkubwa.

Nikasema, "Unaujua?"

"Niliujua kabla yako."

"Sasa ulikuwa unazima kwa nini?"

Akakuna kichwa. Kwa mara ya kwanza nikaona Ouma ana aibu. "Kioko, wewe sikiza vizuri. Kabla adui mkubwa atokee, mziki inabadilika. Kabla risasi zije kutoka nyuma, kuna kengele. Mtoto akisikia mziki hafi. Anakaa na bob tano yake kutoka asubuhi mpaka lunch. Mziki ikizimwa, anakufa kwa dakika tatu, analipa tena."

Miaka sita! Miaka sita napigania sanaa, kumbe huyu mtu anatuvuna! Ndio maana Tosti alizeekea stage ya pili!

"Mwizi wewe!" nikasema.

"Biashara," akasema.

Nikamshika shati. Akanishika yangu. Halafu sijui nani alianza kucheka, lakini tulijikuta tumekaa chini kwa sakafu, na binti yake anatuangalia kama wagonjwa.

Baadaye akatulia akasema, "Huku walikuwa wananiuliza juu yako. Ati yule Mkamba wako alikuacha kabla ya kura, alijua. Ati sasa umeona rangi yake."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia tuligombana juu ya volume. Wakanicheka."

"Hata mimi walinicheka."

Halafu akachungulia nje, akaona yule mtu bado anafunga kamba hazipo. "Huyo si Tosti? Mwite akule. Bado anakufa stage ya pili?"

Wakuu, funzo langu ni hili. Mkikosana na mtu wako, ushikilie ugomvi wenu vizuri, uujue kwa jina lake. Siku mtaa ukiwaka, watu watakuja kuukopa waupe jina lao, na ukiwaachia hautarudi tena mikononi mwenu.

Na kijana wa jana: mziki ya game ndio inakuambia adui anatoka wapi. Ukizima, unakufa kila dakika tatu na hujui ni kwa nini. Kuna mtu anakula hizo pesa.

Base ya Ouma iko Soweto East mpaka leo. Mute ilitoka. Volume ameweka tatu, mimi nataka saba. Jumapili iliyopita nilitoka hapo nikibamiza mlango, na kesho narudi, bado hatujamaliza.

(Mama anasema nne ingetosha. Na ati niandike kuwa ule wimbo bado ni nzige kwa mkebe. Anaandikisha hivyo huku anauimba.)

Haya, sasa semeni nyinyi. Base yenu ilikuwa inazima sauti? Na ni wimbo gani wa game unaweza kuuimba hapa na sasa, mwanzo mpaka mwisho, bila mashine? Wa violin, mkae kando kwanza.